Wembe Mpya

Garashi
Jumatatu, 8 Aprili 2024

Mwanangu Damaris,

Kazungu wa pikipiki amenifikishia karatasi yako pamoja na trei tupu za mayai. Umefanya vyema kuandika. Wenzako wakinipigia, simu hutetemeka mfukoni kama panzi nami sisikii neno. Nikimpa mtu anisikilizie, huiweka sauti ya juu, na mji wetu mzima, nyumba zote za ukoo, hujua habari zangu kabla yangu mwenyewe. Tangu masikio yangu yafe, barua ndiyo pekee inayonisemesha bila mkalimani.

Kwa hiyo Kadii amelazwa tena. Macho ni ya manjano, mikono na miguu haiguswi kwa maumivu, na kipimo cha damu kimeshuka hadi nne, ilhali mtoto wa miaka tisa anatakiwa awe na kumi na moja au zaidi. Nitakueleza, maana mtu akijua jambo linavyokwenda huogopa nusu.

Chembe za damu ya mtu mzima wa afya ni za mviringo na laini, mfano wa vitumbua. Huteleza kila mahali. Za Kadii hujikunja kama mundu, ndiyo maana ugonjwa wake ukaitwa selimundu. Mundu haupiti penye njia nyembamba. Hukwama, na hapo ndipo penye maumivu. Kisha chembe huvunjika kabla ya siku zake, na hapo ndipo penye upungufu. Kumwongezea damu ni kumwazima vitumbua vya mtu mwingine kwa wiki chache. Hakumponyi, lakini humvusha.

Sasa, kundi lake ni O. Mwenye O huweza kumpa kila mtu, lakini yeye hapokei ila kwa mwenye O mwenziwe. Hata ndani ya mishipa hakuna haki. Kaka zako wote wawili ni O kama mimi. Wewe ulichukua B ya marehemu mama yako, basi kazi yako ni kukaa naye, hasa kwa kuwa mama yake, Jedida, ana mimba ya miezi minane na mwanamke wa hali hiyo halali kwenye kiti. Sanga ndiye baba wa mtoto, atangulie. Chengo aombe ruhusa jikoni kwake hotelini Watamu, aje naye. Mimi nimeshapita umri: hawachukui damu ya aliyevuka sitini na tano, nami nina sabini na moja. Na nyonga yangu haikubali pikipiki.

Mwambie mke wangu avumilie. Wauguzi wakishangaa, waeleze kuwa Kadii amepewa jina la nyanya yake, na kwetu Wagiriama mjukuu wa jina hilo ni mke wa babu, ana haki ya kunidai leso na kunisema nikichelewa.

Ni mimi baba yako,
Lewa


Malindi
Alhamisi, 11 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Mke wako anasema leso hazitaki tena, anataka machungwa ya Garashi, na usipoyaleta ataolewa na daktari, ambaye ana viatu vizuri kuliko vyako. Alisema hivyo juzi. Leo hajasema mengi.

Jumatatu ile ile walimpa mfuko mmoja. Ndio uliokuwa wa mwisho wa O kwenye jokofu lao. Kipimo kikapanda hadi sita, tukapumua. Tangu jana mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi na kipimo kinashuka tena. Daktari anasema atahitaji mfuko mwingine, na pengine wa pili baada ya huo. Nilimuuliza muuguzi mbona jokofu tupu.

"Dada yangu, damu yetu sisi ni wanafunzi wa sekondari," akasema. "Shule zikifungwa, jokofu nalo limefungwa."

Na mwezi wa Ramadhani umeisha juzi tu, waliofunga hawakutoa. Ndiyo maana kila mgonjwa anaambiwa alete ndugu zake.

Sanga na Chengo walitoa Jumanne. Sanga alitangulia, akatoka na soda mkononi akimtania mdogo wake: "Wewe damu yako ni mchuzi wa hoteli, watamfanya mtoto wangu aanze kuomba saladi." Chengo akamjibu kuwa afadhali mchuzi kuliko pombe ya mnazi. Tulicheka kidogo, Baba. Nakuandikia ujue kuwa tulicheka.

Damu haipewi mgonjwa papo hapo. Hupelekwa kupimwa, majibu hutoka baada ya siku mbili. Leo nimekwenda kuuliza. Mtu wa maabara akasema mifuko yote miwili haitatumika, na wenyewe waje. Sababu hakunitajia, eti ni siri ya mtoaji. Chengo alikuwa nami, akaitwa ndani. Alikaa kama dakika ishirini. Alipotoka alinipita kama asiyenijua, na simu yake imezimwa tangu adhuhuri. Sanga ameitwa kesho.

Wewe unajua mambo haya. Ni nini kinachoweza kuharibu damu za watu wawili siku moja? Ni mashine yao? Nijibu upesi. Kazungu anarudi kesho asubuhi.

Binti yako,
Damaris


Garashi
Ijumaa, 12 Aprili 2024

Damaris mwanangu,

Si mashine.

Kila mfuko wa damu hupimwa vitu vinne kabla ya kumkaribia mgonjwa: virusi vya ukimwi, kaswende, homa ya ini aina ya B na homa ya ini aina ya C. Kimoja kikionekana, mfuko hutupwa, hata kama mtoaji ana nguvu za fahali na hajaumwa kichwa tangu azaliwe. Hasa hizo homa za ini. Mtu huishi nazo miaka thelathini akilima na kucheka na wenzake, hajui. Lakini damu yake ikiingia kwa mtoto mgonjwa, imemwachia mzigo mwingine juu ya ule alio nao. Kwa hiyo ni sheria nzuri, usiwachukie watu wa maabara. Zamani haikuwa hivyo. Miaka ya themanini tulikuwa tukitoa damu, ikipimwa kundi na kaswende, ikapewa mtu, tukapigiana makofi. Mimi mwenyewe nilitoa mara saba.

Usimfuatefuate Chengo. Mambo ya mtu na daktari wake yana faragha yake.

Tafuta damu nje ya ukoo. Nenda makanisani, nenda kwa imamu wa msikiti ulio karibu na hospitali, watu wamekwisha kula Idi na wana nguvu. Nimewaandikia walimu watatu niliowasomesha, wako Malindi. Barua zao nimezifunga pamoja na hii. Waeleze kuwa sindano ni mpya kwa kila mtu na kuwa mwili huirudisha damu hiyo. Binamu zako wa huku usiwaite. Watapoteza siku zao bure.

Machungwa yako kwenye mfuko wa sukari. Mengine ni machachu, ndivyo anavyoyapenda.

Baba yako,
Lewa


Malindi
Jumatatu, 15 Aprili 2024

Shikamoo Baba,

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kuna sentensi moja imenikwama. Ulijuaje kuwa binamu zetu watapoteza siku zao bure? Nilikuwa sijakuambia ugonjwa wenyewe, kwa kuwa nilikuwa siujui. Sasa naujua. Sanga ameniambia mwenyewe. Ni homa ya ini B, yeye na Chengo, sawasawa.

Hali ya mtoto: kipimo ni nne na nukta mbili. Hatembei tena kwenda chooni, tunambeba. Walimu wako walikuja wote watatu, Mungu awabariki. Mmoja ana shinikizo la damu, akarudishwa. Wawili walitoa, mmoja ni A na mwingine AB. Damu yao ilishukuriwa, ikapelekwa kwa wengine. Kanisani walitangaza. Walikuja wanawake watano; wawili wananyonyesha, wawili damu yao ni nyepesi, mmoja ni B. Imamu amewaleta vijana wanne leo, majibu bado, lakini wawili kati yao si O. Nimejifunza kumtazama mtu barabarani nikajiuliza yeye ni kundi gani.

Sasa lile lililo zito. Shangazi Priscilla alifika Jumamosi. Ndugu yako huyo hakai bila kupata mwenye makosa. Alipoambiwa kuwa kaka zangu wote wawili wana ugonjwa mmoja, na kuwa huambukizwa kwa damu na kwa kulala pamoja, akahesabu kwa vidole mbele ya watu kwenye baraza ya wodi. "Chengo ameoa mwanamke wa bara," akasema. "Sanga alikaa kwao Watamu miezi sita, wakati wa ujenzi wa ile hoteli. Nyumba moja, mwanamke mmoja. Mnataka nimalizie?"

Jedida alikuwa amekaa pale pale, na tumbo lake. Aliinuka, akaenda kusimama dirishani.

Chengo amemfukuza mkewe, Nyokabi. Amemwambia aondoke na Vivian, na mtoto huyo ana miaka miwili. Nilipompata kwa simu alisema tu, "Nikipoteza kazi ya jikoni nitakula nini, nitawaambia nini?"

Wewe ndiwe mwenye mji. Ukisema neno moja watanyamaza. Nyokabi hana hatia, najua, lakini siwezi kueleza najuaje. Tafadhali nisaidie.

Damaris


Watamu
Jumatano, 17 Aprili 2024

Kwa Baba Lewa,

Shikamoo. Pengine ni mara ya mwisho kukuita Baba, kwa hivyo naanza nayo.

Nilipoolewa watu wa mji wako walinicheka kwa kuwa nilikuwa nasalimia kila mtu "habari". Wewe hukunicheka. Ulinikalisha chini ukanieleza nani huamkiwa na nani huulizwa hali, na kwa nini. Nilikuambia sijawahi kuona mtu anayeeleza hivyo bila kuchoka. Ndiyo sababu nakuandikia wewe na si mwanao.

Nina kadi ya kliniki ya mimba ya Vivian. Mwaka juzi walinipima kila kitu. Kuna mstari umeandikwa homa ya ini B, na mbele yake wameandika hakuna. Chini yake wameandika kundi la damu, O. Nilimwonyesha Chengo hiyo kadi. Alisema kadi inaweza kuandikwa na yeyote.

Jana nilikwenda Malindi na hiyo kadi kumtolea Kadii. Damaris ndiye alikuwa ameniambia anahitaji O. Shangazi Priscilla alikuwa mlangoni pa chumba cha damu. Aliniambia, "Damu yako imeshalala na wanaume wawili wa mji wetu, haitalala na mtoto." Watu walikuwa kwenye foleni wanasikia. Nikamgeukia Sanga. Nikamwambia, "Shemeji, tumekaa nyumba moja miezi sita. Nilikupa hata chai Chengo akiwa hayupo?" Alitazama sakafu. Alisema, "Mimi ndiye natia sahihi ya mtoto, na hiyo damu siitilii sahihi." Nilimwelewa, Baba. Akiikubali damu yangu, watu watasema ni kweli. Alichagua jina lake.

Nilimwona Kadii kwa mlango. Midomo yake ni myeupe.

Siombi unirudishie ndoa. Naomba umwambie Sanga aweke sahihi. Wapime damu yangu mara tatu wakitaka. Nitakuwa saluni hadi Jumamosi. Jumapili napanda basi na Vivian, tunaenda kwa mama yangu Murang'a.

Nyokabi


Malindi
Alhamisi, 18 Aprili 2024, alfajiri

Baba,

Tatu na nukta nne. Wamemwekea hewa. Vijana wa imamu hakuna hata mmoja mwenye O. Daktari anasema moyo wake unafanya kazi ya mtu anayekimbia, na mtoto amelala.

Umenieleza chembe, umenieleza makundi, umenieleza vipimo vinne. Sikuulizi maelezo tena. Nakuuliza wewe. Ulijuaje?

D.


Garashi
Alhamisi, 18 Aprili 2024

Damaris,

Barua hii isome kwa sauti mbele ya Sanga, Chengo na shangazi yako Priscilla. Chengo akikataa kuja, mwambie ni amri yangu ya mwisho kwake, baada ya hii sitamwamuru tena. Usiruke mstari. Nimempa Kazungu barua yako na ya Nyokabi zikae pamoja na hii, ili wote waone nilijibu nini.

Wanangu, mtu aliyeleta homa ya ini katika mji huu ni mimi.

Mwaka 1989, Sanga akiwa na miaka sita na Chengo mitatu, tulizika watoto wawili mwezi mmoja, waliozaliwa kati yenu. Ilikuwa surua. Nilijua ni surua. Nilikuwa mwalimu mkuu na mzee wa kanisa, na shuleni nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu kuwa chale ni ujinga. Lakini mama yenu alikuwa halali tena, amekaa na nguo zao mapajani, na mimi mwenyewe nilipowatazama ninyi wawili mmelala nilianza kuhesabu pumzi zenu. Wazee wakasema mji uchanjwe, ukingwe. Nikakubali, kwa siri.

Ila nikaweka sharti. Nilimwambia mganga, "Wembe wako siutaki. Umepita kwenye miili ya watu wengi." Nilikuwa nimesoma, nikajua wembe wa kushirikiana ni hatari. Nikanunua wembe mpya dukani, ukiwa kwenye karatasi yake. Nikauchemsha dakika kumi nikihesabu kwa saa yangu ya mkononi. Mganga alinicheka. Nilijisikia mwerevu kuliko wote waliokuwapo.

Kisha nikatangulia, maana mwenye mji ndiye hutangulia. Wembe ukanikata mimi kwanza, kifuani mara tatu. Ukaenda kwa mama yenu. Ukaenda kwako, Priscilla, ulikuwa umekuja matangani. Kisha Sanga. Kisha Chengo, nikimshika mimi mwenyewe kwa sababu alikuwa anarusha miguu. Mwisho binamu zenu wa huku. Wembe mmoja, haukuoshwa kati. Niliulinda wembe na watu wengine wote wa dunia, sikuulinda na mimi.

Damaris, wewe ulikuwa hujazaliwa. Nyokabi naye alikuwa hajazaliwa. Yeye ni wa mwaka 1992. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la kwanza anaiweza, na mimi nimeacha watu wazima waikosee siku tatu nzima.

Mtanijibu kuwa sikujua. Mwaka ule sikujua. Mwaka 2009 nilijua. Nilitoa damu Marafa ili walimu wangu wapate mfano, na baada ya mwezi ikaja barua. Ilisema nina homa ya ini B, ya siku nyingi, inayoelekea niliipata utotoni, kwa sababu mtu mzima akiipata, mara nyingi mwili huishinda, bali mtoto hukaa nayo. Ikaniambia nimlete mke wangu na wanangu wote wapimwe, na wasio nayo wachanjwe.

Mama yenu hakujua kusoma. Aliiona ile barua mezani, yenye muhuri, akaniuliza inasema nini. Nikamwambia ni ya kunishukuru kwa kutoa damu. Alifurahi, akataka tuitundike ukutani.

Miaka miwili baadaye tumbo lake lilijaa maji na macho yake yakawa kama ya Kadii. Ninyi mliambiwa amerogwa, na mimi sikusema ndiyo wala siyo. Kama angepimwa siku ile, angepona? Sijui. Nimeeleza watu mambo miaka hamsini, na hilo silijui. Wala sijui ile mifuko saba ya miaka ya themanini ilikwenda kwa nani. Huwa nawafikiria. Nafikiri mmoja ni mama aliyejifungua, sijui kwa nini ninamfikiria mama.

Kwa nini nilinyamaza? Nilikuwa nitaulizwa niliipata wapi na ninyi mkaipata wapi, na jibu lilipitia kwenye wembe. Nilichagua jina langu. Sanga, umefanya vivyo hivyo juzi, na sikulaumu, umejifunza kwangu. Lakini mimi nimekuwa na miaka kumi na mitano ya kubadili nia. Wewe huenda una siku mbili.

Nyonga yangu inauma, ni kweli, lakini si nyonga iliyonizuia kuja. Niliogopa kuingia hospitali ile na kuulizwa jina.

Sasa fanyeni hivi. Sanga, nenda Watamu mwenyewe, usitume mtu, ukamwombe Nyokabi kwa miguu yako. Weka sahihi. Damu yake ipimwe kama ya mtu mwingine yeyote, kadi yake ni ya mwaka juzi na ameishi na mwenye ugonjwa. Chengo, ugonjwa huu haupiti kwenye sahani wala kwenye sufuria, hakuna haki ya mtu kukutoa jikoni. Ila mke na mtoto umewatoa wewe bila haki yoyote. Priscilla, fungua kola yako uwaonyeshe alama tatu. Ulikuwa wa tatu, nakumbuka, ulisema inawasha.

Barua ya 2009 nimeifunga humu ndani. Isomeni nayo.

Lewa


Malindi
Jumanne, 23 Aprili 2024

Baba,

Damaris amesema aandike yeye, nimemkatalia. Mwandiko wangu unaujua. Uliniachisha shule darasa la saba ukasema mkono wangu ni wa kushika mwiko wa mwashi.

Barua yako ilisomwa Ijumaa kwenye korido. Damaris alipofika kwa mama alishindwa, Jedida akamalizia. Shangazi hakufungua kola. Alikaa sakafuni akashika hapo hapo juu ya nguo, na hajasema neno juu ya mtu tangu siku hiyo.

Nilikwenda Watamu. Nyokabi alikuwa anamsuka mtu. Nilisimama mlangoni mpaka akamaliza, hakuharakisha. Aliyesukwa akaniuliza kama nasubiri zamu, nikasema ndiyo. Nilimpa barua akaisoma yote. Kisha akaniambia, "Siji kwa ajili yenu." Akachukua mkoba. Alitoa damu saa tisa.

Siku mbili za kungoja majibu sitakuandikia.

Jumapili mchana walisema ni safi, wakautundika. Tuliutazama ule mfuko mpaka ukaisha. Jana kipimo kilikuwa tano na nukta nane. Leo asubuhi Kadii amefungua macho akamtukana muuguzi kwa sababu ya uji, halafu akauliza nani amekula machungwa yake. Daktari anasema tusifurahi sana. Huu mfuko ni wa wiki chache, halafu atataka mwingine, na shule hazijafunguliwa.

Nyokabi hakupanda basi Jumapili. Chengo ameketi nje ya saluni tangu jana. Nyokabi hajamwita ndani, wala hajamfukuza. Jedida pia amepimwa, hana, na mtoto wa tumboni wamesema atachanjwa siku hiyo hiyo atakapozaliwa.

Mimi sijakusamehe. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwa mkono wangu. Namkumbuka mama akikuuliza barua inasema nini. Mimi nilikuwepo siku ile, nilikuwa natengeneza mlango. Nilisikia ukisema ni ya kukushukuru, na nilijivuna.

Jumatatu ijayo kliniki ya ini inapima familia. Tunakwenda wote, mimi, Chengo, shangazi, Vivian, Damaris. Nimeshasema na Kazungu, atakuja na tuktuk si pikipiki, nyonga haitakuwa sababu. Tumeandikisha majina. Wewe nimekuandikisha wa kwanza. Siku ile ulitangulia kwa kuwa ndiwe mwenye mji. Jumatatu utatangulia tena, na sisi tutafuata nyuma yako, kila mmoja na sindano yake.

Lete machungwa.

Sanga